Maswali ya Wasomaji: Programu ipi ya kurekebisha noti za mwimbaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwimbaji na hujirekodi mwenyewe kwa kompyuta na maikrofoni moja. Kwa sehemu kubwa sauti hukaa kwenye noti, lakini ninaposhikilia noti ndefu, mwishoni hushuka kidogo. Rafiki mmoja amenishauri ninunue Auto-Tune, mwingine anasisitiza Melodyne, nami sitaki kusikika kama roboti. Nichague ipi, na je, za bure zinatosha?

JIBU: Rafiki zako wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ana kazi yake akilini. Auto-Tune, iliyotolewa na kampuni ya Antares mwaka 1997, ilibuniwa na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi ya mitetemo ya ardhi kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Kazi yake ya msingi ni kusikiliza sauti inavyopita na kuivuta papo hapo kuelekea noti iliyo karibu zaidi katika skeli (mfululizo wa noti zinazotumika katika wimbo) uliyoichagua. Melodyne, ya kampuni ya Celemony ya Ujerumani, huisoma kwanza rekodi, kisha huzichora noti kwenye skrini ili uzisogeze mwenyewe moja moja. Matoleo makubwa ya Auto-Tune nayo yana sehemu ya kuchora, hivyo tofauti hiyo si kali kama zamani.

Kwa kasoro unayoieleza, ningeelekea kwenye programu ya kuchora. Nusu toni, yaani umbali kati ya noti moja na ile iliyo jirani nayo kabisa, hugawanywa katika senti 100, na programu ya kujiendesha, yaani inayorekebisha yenyewe papo hapo, ikiwa imeruhusiwa kutumia noti zote 12, inaweza kuiona sauti iliyoshuka zaidi ya senti 50 kuwa ni noti ya chini yake, ikaivuta huko na kulifanya kosa kuwa kubwa zaidi. Ukiitumia, usiache kuiwekea ufunguo (noti ya msingi) na skeli sahihi ya wimbo. Melodyne ina zana mahususi ya kunyoosha mteremko wa polepole ndani ya noti bila kugusa mtetemo wa asili wa sauti, nayo ndiyo dawa ya tatizo lako. Hata hivyo, angalia unachokinunua: toleo dogo kabisa, essential, halina zana hiyo, na ndani yake itakubidi uikate noti na kuinua mkia wake, ilhali toleo la assistant linayo. Toleo la editor, lenye uwezo wa kutenganisha noti zinazolia kwa pamoja, ni gharama isiyo ya lazima kwa mtu anayeimba peke yake.

Hofu ya roboti inatokana zaidi na mpangilio kuliko jina la programu. Kasi ya kurekebisha hupimwa kwa milisekunde. Ikiwekwa sifuri, sauti huruka kutoka noti hadi noti bila kuteleza, kama ilivyosikika kwa makusudi katika “Believe” ya Cher mwaka 1998. Anza kati ya milisekunde 20 na 50, kisha usikilize.

Kabla ya kulipa chochote, chunguza programu unayorekodia. Logic Pro ina Flex Pitch, Cubase Pro ina VariAudio, na REAPER huja na ReaTune. Watu wengi hununua kitu ambacho tayari wanacho. Kati ya za bure, MAutoPitch na toleo la bure la Graillon ni nzuri, lakini hujiendesha tu, bila kuchora. Hakikisha pia kwamba unachokipakua kinakubaliana na programu yako, kwa kuwa programu-nyongeza hutolewa katika miundo tofauti: Logic hupokea muundo wa AU na Pro Tools, programu nyingine ya kurekodi, hupokea AAX, na utumie kwanza toleo la majaribio kwa rekodi yako mwenyewe, maana mifano ya matangazo huimbwa na waimbaji hodari. Ipe sauti kavu: muziki uliovuja kutoka kwenye hedifoni na mwangwi wa chumba huichanganya programu yoyote, na kwa kawaida marekebisho hutangulia kompresa, yaani kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwaya yetu ilirekodiwa kwa maikrofoni moja, na mwimbaji mmoja yuko nje ya noti. Je, anaweza kurekebishwa peke yake?

JIBU: Kwa shida sana. Tangu mwaka 2009 Melodyne imeweza kutenganisha noti za gitaa au piano zilizopigwa pamoja, lakini waimbaji kadhaa wanaokaribiana kwenye noti moja huonekana kwayo kama sauti moja, na ukimsogeza mmoja unawasogeza na wenzake. Ikiwezekana, rudieni kurekodi kifungu hicho.