Jibu: Kwa nini mmoja amesimama na mwingine bado anatetemeka

Dada, umeuliza kwa nini kaka zako wawili walipinduka na ngalawa moja hapa Sahare, mkubwa akarudi baharini baada ya wiki, na mdogo mpaka leo hapati usingizi. Poleni sana. Usimsikilize anayesema mdogo ni mwoga.

Sehemu ya jibu huenda imo kwenye vimeng'enya vya ubongo, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Kipo kimoja, COMT, kinachovunja dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, nyuma ya paji la uso, pale tunapopangia na kutulizia fikra. Wako waliorithi cha kasi, wako waliorithi cha taratibu. Mtu akishtuka, dopamini hufurika: cha kasi huipunguza upesi, cha taratibu huiacha izidi, fikra zikavurugika. Ila siku za utulivu, huyo wa taratibu huenda ndiye mwenye umakini zaidi kidogo. Na ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi tofauti.

Kimeng'enya peke yake hakiamui, jeni zinazohusika ni nyingi na maisha ya mtu yamo pia. Mimi baada ya ajali yangu nilikuwa nazinduka usiku nimeng'ang'ania godoro kama ubavu wa ngalawa. Kilichonisaidia ni mshauri nasaha, kila wiki. Mpeleke mdogo hospitali, na kwa sasa asilale peke yake.