Mama karuhusiwa, hospitali haimwachii: nisaini karatasi ya deni?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mama yangu mzazi, miaka 67, amefanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali binafsi hapa Mwanza. Mwanzo tuliambiwa kwa mdomo gharama itafika kama 1,200,000, nikalipa. Siku ya kuruhusiwa nimepewa karatasi yenye mstari mmoja tu: jumla 2,870,000. Wanasema hatoki mpaka nimalizie, au nisaini karatasi ya kukiri deni na kuwaachia kadi ya pikipiki. Na kuna dawa nilinunua mwenyewe duka la nje. Nifanyeje?

JIBU: Pole kwa kuuguza, na mama mfikishie shikamoo yangu. Karatasi hiyo usiisaini kwanza, na kadi ya pikipiki ibaki nyumbani.

Wengi wanaoniletea bili za namna hii huwa wameshasaini, wakidhani wanasaini ruhusa ya kutoka. Ukishaandika kwamba unakiri kudaiwa 1,670,000, siku ya kesi hospitali haitahangaika kueleza sindano moja moja. Itaonesha sahihi yako, na mzigo wa kueleza utakuangukia wewe.

Anza kwa kuomba mchanganuo. Omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uoneshe kila kipimo, kila dawa na idadi yake, siku za kitanda, chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi. Wewe hupokei magunia ya dagaa kwa kutajiwa jumla, unayahesabu yakishuka. Mama naye aombe taarifa za matibabu yake, hasa karatasi ambayo wauguzi huandika dawa alizopewa na saa alizopewa. Ziweke mbili hizo pamoja, usome mstari kwa mstari.

Utakachokuta mara nyingi si wizi wa wazi. Ni dawa uliyonunua nje kuhesabiwa kana kwamba imetoka stoo yao. Ni kipimo ambacho daktari alikiandika lakini hakikufanyika kwa sababu mashine ilikuwa mbovu. Ni siku ya kuingia na ya kutoka kuhesabiwa zote nzima, au glovu na nyuzi kulipishwa pembeni ilhali ada ya upasuaji ilishazijumuisha. Hapo ndipo risiti zako za duka la dawa zinapokuwa na kazi. Angalia pia chini kabisa: huduma za matibabu zimesamehewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, chini ya Sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2014, kwa hiyo ukiona asilimia 18 imeongezwa juu ya matibabu yenyewe, uliza.

Kuhusu ile 1,200,000, hapa sitakufurahisha. Makadirio ya mdomo si bei ya mwisho, na hospitali binafsi hujipangia viwango vyake. Kama mezani daktari alikuta utumbo umebanwa ikabidi afanye zaidi, gharama hiyo ni halali. Ila waeleze nini kiliongezeka, na kama hakikuwa cha dharura, nani alikiridhia. "Bei imepanda" haitoshi kuwa jibu.

Sasa mama kuzuiliwa. Ibara ya 15 ya Katiba yetu inamlinda mtu asifungiwe mahali isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Deni la hospitali ni la madai. Anayedai anakwenda mahakamani, na mlinzi wa getini si mahakama. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili walivunjiwa haki zao. Uamuzi wa huko hauzifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuutumia kushawishi.

Hata hivyo usimtoroshe usiku. Najua wapo wanaofanya hivyo, na ndugu husifu, lakini unaipa hospitali inayokudai hoja kwamba hukukusudia kulipa. Andika barua ya pili: mistari hii naikubali, hii naipinga kwa sababu hizi, kilichokubalika nitakilipa kwa awamu kuanzia tarehe fulani. Hiyo ndiyo karatasi ya kusaini. Wakikataa kumwachia hata baada ya hapo, nenda na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, na kwa polisi kama kweli amefungiwa. Wakili akiwa ghali, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Jambo ambalo hukuuliza: Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, katika vituo vya serikali. Hospitali hiyo binafsi haibanwi na msamaha huo, na bili hii haitafutika. Lakini kliniki za baadaye si lazima zifanyike hapo hapo. Chukua barua ya mtendaji wa mtaa, mpeleke mama hospitali ya serikali ya Sekou Toure, na muonane na afisa ustawi wa jamii kabla ya kufika dirisha la malipo.

Risiti, barua na mchanganuo vitunze. Sheria inampa mdai wa deni la mkataba miaka sita kufungua kesi, na wino wa risiti za mashine hufutika mapema, kwa hiyo zitoe kopi wiki hii.