Kujifunza Mfumo wa Mbili Juu ya Moja katika Briji: Anzeni na Mkono wa Wastani

Wachezaji wa briji, mchezo wa karata wa wenza wawili dhidi ya wawili, wanaoniuliza namna ya kuhamia mfumo wa kunadi uitwao mbili juu ya moja hutaka kuanzia panapovutia, yaani kwenye mikono minono inayoelekea slamu (dau la kushinda mizunguko 12 au yote 13). Ushauri wangu ni kinyume chake. Anzeni na mkono wa wastani, wenye pointi 6 hadi 12, kwa sababu ndio utakaowajia mara nyingi zaidi, na ndio ambao mfumo huu umeubebesha kazi mpya.

Niueleze mfumo wenyewe kwanza. Kabla ya kucheza, wachezaji hunadi kwa zamu: dau la 1 shupaza huahidi kushinda mizunguko 7 shupaza zikiwa turufu, la ngazi ya 2 mizunguko 8, na kuendelea hivyo; kupita ni kutotaja dau, na rangi hupanda kutoka pau, uru, kopa hadi shupaza. Ree huhesabiwa pointi 4, kingi 3, kwini 2 na jeki 1, jumla 40 kwa karata zote, na wenza wawili wakikusanya pointi 25 au 26 kwa kawaida wanaweza kulenga gemu, ambalo ni mizunguko 9 bila turufu au 10 kwa turufu ya shupaza au kopa. Katika mfumo huu, anayefungua mnada kwa 1 shupaza au 1 kopa huahidi karata 5 za rangi hiyo, na mwenza wake akijibu kwa ngazi ya 2 katika rangi iliyo chini ya ile iliyofunguliwa, wote wawili wamefungwa hapo hapo: hakuna anayeruhusiwa kupita mpaka gemu lifikiwe. Katika mfumo wa kawaida wa Kimarekani, jibu hilo hilo huanzia pointi 10 na hulazimisha raundi moja tu (mwenza haruhusiwi kupita katika zamu yake inayofuata), hivyo kila dau linalofuata huja na swali kama mwenza anaweza kulipita au la. Mbili juu ya moja huliondoa swali hilo mapema, na faida yake yote hutoka hapo.

Lakini pointi 10 au 11 zisizotosha kufunga gemu zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye jibu la 1 bila turufu, ambalo sasa hulazimisha raundi moja na hubeba kila mkono usio na nguvu ya gemu wala njia nyingine ya kujieleza. Tuseme mwenza amefungua 1 shupaza, nawe una jeki na 3 za shupaza, kingi, 10 na 4 za kopa, kwini na karata 3 ndogo za uru, kingi na karata 3 ndogo za pau. Hizo ni pointi 9, na jibu lako ni 1 bila turufu. Mfunguaji mwenye shupaza 5 na mkono uliosambaa hana ruhusa ya kupita, hivyo atataja 2 pau au 2 uru hata kama ana karata 3 tu za rangi hiyo. Hapo ndipo wanafunzi wengi niliowasaidia huteleza: wanaona wana pau 4, wanafurahi, wanapandisha hadi 3 pau au wanapita, ilhali mwenza hakuahidi pau 4. Kwa mkono huo rudi 2 shupaza. Karata 2 zako na 5 zake ni 7, turufu inayotosha kwa dau dogo, na tena unampa mwenza nafasi ya kusema zaidi ikiwa ana pointi 16 au 17. Ukiwa na shupaza 3 na pointi 10 hadi 12, anza vilevile kwa 1 bila turufu, kisha ruka 3 shupaza, naye ataelewa kwamba unamwalika kwenye gemu. Fanyeni mazoezi ya mfuatano huu mpaka uwe mwepesi kwenu wote wawili, kabla hamjagusa kitu kingine.

Mkishaufahamu upande huo, mikono minono haina ugumu mkubwa. Chukua mfunguaji mwenye ree, kingi, 8, 6 na 4 za shupaza. Kwini, 7 na 2 za kopa. 9 na 3 za uru. Kingi, jeki na 5 za pau. Mwenza wake ana kwini, 9 na 2 za shupaza. Ree na 5 za kopa. Ree, 7 na 4 za uru. Ree, kwini, 10, 8 na 2 za pau. Mnada unakwenda 1 shupaza, 2 pau, 2 shupaza, 3 shupaza. (Kwa makubaliano yangu na mwenza wangu, hilo dau la 2 shupaza halidai karata ya 6, linasema tu kwamba mfunguaji hana jambo jipya la kutangaza.) Katika mfumo wa kawaida, dau hilo la mwisho la 3 shupaza lingekuwa mwaliko ambao mfunguaji angeweza kuupita, kwa hiyo mwenza mwenye pointi 16 angelazimika kuruka na kuila nafasi ya mazungumzo. Hapa turufu imejulikana, mko ngazi ya 3, na bado hakuna anayeweza kupita, hivyo mnatumia nafasi iliyobaki kuonyeshana ree na kingi za pembeni hadi kufikia 6 shupaza. Shupaza za wapinzani zikigawanyika 3 na 2, mizunguko 12 ipo tayari: 5 ya shupaza, 5 ya pau, na ree mbili.

Kutokana na hilo huzaliwa kanuni inayowasumbua wazoefu kuliko wageni. Baada ya kufungwa kwenye gemu, anayekwenda taratibu ndiye mwenye nguvu, na anayeruka moja kwa moja hadi 4 shupaza anasema hana zaidi. Aliyecheza miaka mingi kwa mfumo wa zamani anapaswa kuipa kanuni hii muda, kwa kuwa mazoea yake yamemfundisha kuruka anapojisikia ana mkono mzuri.

Kuhusu mazoezi, sisi wa Mwanza tuna hali yetu. Si rahisi kupata watu wanne wa briji jioni moja, na mwenza wangu anafundisha Ukerewe. Kwa bahati mazoezi ya mnada yanahitaji watu wawili tu. Tunapokuwa pamoja kwenye meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, hatuthubutu kutandaza karata sitahani, maana upepo wa ziwa hauzibakishi. Tunaandika mikono kwenye daftari, kila mmoja anaona wake, tunanadi hadi mwisho, kisha tunafunua na kujadiliana kila dau lilimaanisha nini. Siku nyingine tunatumiana madau kwa ujumbe wa simu. Kwa asiye na mwenza kabisa, roboti za Bridge Base Online, tovuti ya kucheza briji, hutumia mfumo huu huu, na hiyo kwangu ni sababu ya kutosha kwa mchezaji aliye mbali na klabu kuuchagua badala ya mwingine.

Yapo mambo ambayo wenza lazima wayaandike, wasiyaachie kumbukumbu. Ikiwa ulipita kabla mwenza hajafungua, jibu lako la ngazi ya 2 halifungi tena gemu. Mpinzani akiingilia kwa dau au kwa dabo (tamko la kuongeza maradufu thamani ya dau la upande mwingine), wenza wengi huacha sheria hii, na jibu la ngazi ya 2 hulazimisha raundi moja tu au halilazimishi kabisa. Jibu la 2 kopa juu ya 1 shupaza huahidi kopa 5. Kuhusu 2 pau juu ya 1 uru, wachezaji hawakubaliani: wapo wanaoifunga kwenye gemu na wapo wasiofanya hivyo. Mimi ninapendelea kuifunga, kwa sababu wenza wachanga hukumbuka kwa urahisi zaidi sheria isiyo na matawi, lakini la muhimu ni kwamba jibu lenu liwe moja, na liwe limeandikwa kabla hamjakaa mezani. Wapo pia wanaoruhusu mnada kusimama chini ya gemu pale aliyejibu anapoirudia rangi yake mara moja. Hilo liacheni kwa sasa. Litajadilika vizuri mtakapokuwa na mikono mingi daftarini ambayo lingewasaidia au kuwaumiza.