Bikoni Yangu Itahama?

SWALI: Mwalimu, habari. Mpimaji alipokuja kuweka bikoni (alama za mpaka) kwenye ploti yangu, alisema nchi nzima inasogea. Jirani asije akadai ukuta wangu umeingia kwake! Nani amepima hayo?
– Mama wa Ruai

JIBU: Hakukudanganya, mama. Pale Kasarani, kwenye RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, ipo antena inayopokea mawimbi ya setilaiti za GPS. Ukilinganisha vipimo vya mwaka hadi mwaka, utaona Nairobi ikielekea kaskazini mashariki, karibu sentimita 3 kwa mwaka. Kisumu nayo inaelekea huko huko, ila Bonde la Ufa linatutenga nayo kwa milimita chache kila mwaka. Wewe na jirani mmepanda matatu moja. Ukuta ukiingia kwake, mlaumu fundi.

Kinachonifurahisha zaidi ni umbo la Dunia. Imefura kiunoni: kutoka kitovuni, yaani katikati kabisa ya Dunia, hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Ndiyo maana kilele cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199 tu, kiko mbali na kitovu kuliko cha Everest, kwa zaidi ya kilomita moja! (Wanepali wasisome hapa.)

Kitovu chenyewe hakuna aliyekifikia. Setilaiti ndizo hukizunguka. LAGEOS, tufe la sentimita 60 lililorushwa na Marekani mwaka 1976, limejaa vioo 426. Vituo humulika leza, mwanga hurudi, na muda wa safari hiyo hutoa umbali wa tufe hilo kwa usahihi wa sentimita, hata chini yake. Na kwa kuwa hukizunguka kitovu, ndivyo tunavyojua kitovu kiko wapi.