Picha 1,846 na shangazi aliyetoka kwenye grupu

Maswali ya wasomaji kuhusu picha. Anayejibu ni Bi Mpiga Picha, Lamu.

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mpiga Picha. Mwezi uliopita mimi, mama, shangazi na binamu zangu wawili tulitembea Tanzania siku kumi na mbili: Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, tukashuka mpaka Kilwa, halafu tukavuka Unguja. Nimerudi Lamu na picha 1,846 kwenye simu. Usiku ule ule nikamwaga kama mia tatu kwenye grupu la familia. Kulipokucha, kaka analalamika simu yake imejaa, na shangazi katoka kwenye grupu bila kusema neno. Baadaye nikaambiwa ni ile picha ya kwenye boti ya Unguja: upepo umempeperusha mtandio, na grupu lenyewe lina kila mtu, hadi marafiki wa binamu zangu wa kiume. Bibi naye, ambaye ndiye aliyetuagiza tukamwonee Kilwa, anaishika simu, anaisogeza mbali, anaileta karibu, kisha ananirudishia. Ana mtoto wa jicho. Nifanyeje?
Mwana wa Langoni

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na shangazi. Kilwa imekaa karne na karne, itangoja hadi kesho.

Kama simu bado inakukubalia kuifuta ile picha kwa wote, ifute sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Muda ukipita haitakubali tena, na aliyekwisha kuipakua huenda anayo bado. Hao itabidi uwaombe mmoja mmoja. Kisha vaa buibui uende kwake kwa miguu yako. Usimtumie ujumbe wa sauti, wala usianze na “lakini shangazi mbona ulipendeza”. Alijua kapendeza. Alichokasirikia ni kwamba wewe ndiwe uliyeamua nani amwone.

Nakwambia haya kwa sababu yalinifika. Kwa miaka mingi nimepiga picha upande wa wanawake, kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, pale simu za wageni zinapoachwa mlangoni na mimi peke yangu ndiye ninayeingia na kamera. Siku moja nilitandaza picha za kupamba juu ya meza ya studio zikauke. Akaingia kijana kuchukua picha zake za pasipoti, akamwona mke wa nduguye, kichwa wazi, anacheka. Kijana aliinamisha macho, lakini lilikwisha kuwa. Yule mama hakuzungumza nami mwaka mzima. Toka siku hiyo picha zangu hulala kifudifudi, na hutoka mlangoni ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa. Grupu la watu themanini ni ile meza yangu.

Ukipata msamaha, muulize shangazi kama anataka ile picha ikatwe ibaki bahari na ukingo wa boti. Kukata picha si aibu, na mji huu unakujua. Marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake papa hapa Lamu, alikuwa akikata na kuunganisha picha mpaka watu wakajiona mahali ambapo hawakupata kufika. Wewe unakata kidogo tu.

Sasa hizo 1,846. Mimi nilipokwenda Kilwa mara ya kwanza nilikuwa na mikanda mitatu, kila mmoja picha 36. Hesabu yake 108, basi, na kila nilipobonyeza nilisikia senti zikidondoka. Nilirudi nikazichapisha, nikazipeleka Mkunguni mbele ya ngome, walipokaa wazee chini ya mti. Nilijivunia sana picha moja ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nguzo za matumbawe zimepangana na jua la jioni linapita katikati. Wakaitazama, wakasema mashaallah, wakaipitisha. Halafu ikafika picha niliyoipiga bila kufikiri, ya mashua iliyotuvusha kutoka Kilwa Masoko. Foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ilikuwa imevunjika, ikaungwa vipande viwili kwa kamba. Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Hii kamba kafunga nani?” Hapo hakukulika wala hakuswalika mpaka adhana ilipowatawanya. Huyu anasema kiungo kile hakifiki wiki kikikutana na kusi, yule anasema babake alisafiri na mbovu kuliko hiyo mpaka Mafia na kurudi.

Ndiyo kipimo changu hadi leo. Katika picha za safari, tafuta zile ambazo watu wako watazibishania. Wewe umetoka mji wa mashua, milango ya nakshi na mawe ya matumbawe, umekwenda kwa watu wenye mashua, milango na mawe ya matumbawe. Machweo ya Unguja ni mazuri, lakini machweo hata Shela yapo. Ila mlango wa Mji Mkongwe wenye kichwa cha duara na misumari ya shaba, ukiuweka karibu na mlango wa kwenu Langoni, mafundi wa kuchonga hawatalala. Kikapu cha samaki wa soko la Tanga kitaulizwa bei. Sahani ya urojo itaulizwa ndani mna nini, na kuna mtu atasema si chakula. Halwa ndiyo usiseme, utawagombanisha watu na ndugu zao.

Toa thelathini. Usinibembeleze nikuongezee. Pita mara ya kwanza ukifuta zilizotikisika na zile ambazo bahari imelala upande kama inamwagika (ukiweza kuinyoosha, inyooshe, mwana wa pwani kuonyesha bahari iliyopinda haifai). Mara ya pili, kila penye picha kumi za kitu kimoja bakisha moja. Ya tatu, ondoa kila picha usiyoweza kuisemea maneno mawili. Zilizobaki nje ya thelathini usizitupe zote. Nakili za maana kwenye kompyuta na kwenye flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine. Chumvi yetu hii haina huruma na vyuma.

Na andika tarehe na mahali. Nina picha ya Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, Unguja, niliyoipiga zamani, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, mnara wa saa umesimama. Niliiona ya kawaida mno hata sikuitia kwenye albamu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, mnara na yote. Nikaitafuta siku tatu, nikaipata ndani ya kopo la biskuti, nyuma yake tupu. Mwaka gani? Mwezi gani? Hata mimi niliyeipiga siwezi kukwambia.

Kwa bibi, achana na simu. Chagua picha sita tu za Kilwa, uzichapishe kubwa, inchi 8 kwa 12, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa kuwa ile ya kung'aa humrudishia mwanga machoni. Mpelekee fundi picha asilia kutoka kwenye simu yako, usimpe ulizozitoa kwenye grupu: WhatsApp huzipunguza, na kwa ukubwa huo uso wa mtu huwa kama umepakwa uji. Teua zenye giza na mwanga vilivyoachana wazi, kama tao jeusi na mbingu nyuma yake. Ukuta wa kijivu mbele ya mawingu ya kijivu hatauona. Kama ulipiga lile birika la pembe nane la Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa Kisiwani, ukiwa umesimama juu yake, litie. Umbo lake linashikika hata kwa jicho dhaifu.

Mketishe uani asubuhi, jua lisimpige usoni, umpe moja moja mkononi. Usimsimulie haraka. Mwambie ni wapi, unyamaze. Ukitaka kumfurahisha mtajie kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, ila nadhani atakuuliza kwanza kama mlikaribishwa chakula. Uwe na jibu.

Na shangazi akikubali kuja siku hiyo, mwachie yeye asimulie ya boti.

SWALI

Bi Mpiga Picha, nilikwenda Ngorongoro na wastaafu wenzangu. Tulisimama pale juu ukingoni, mwongozaji akatuonyesha kifaru, nami nikampiga. Nimewaonyesha wajukuu, wanasema ni nzi. Wamecheka hadi wamelala chini. Kuna njia ya kumkuza?
Babu wa Shela, Malindi

JIBU

Babu, shikamoo. Hakuna. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 600, na bonde lenyewe lina upana wa kilomita zipatazo ishirini. Ukiongeza ukungu wa vumbi na joto la mchana, hata tembo huwa punje. Kuvuta kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu hakumleti mnyama karibu, kunakuza punje tu.

Lakini usiifute. Hiyo si picha ya kifaru, ni picha ya ukubwa wa mahali, na kwa kazi hiyo nzi wako ameifanya vizuri. Ichapishe pana, umzungushie kifaru duara dogo kwa kalamu, wajukuu wajitafutie. Kama unayo nyingine ya wenzako wamejifunika mablanketi kwa baridi ya kule juu, waonyeshe hiyo kwanza. Watoto wa Malindi hawataamini kwamba babu alitetemeka mwezi wa Julai, na wakishabisha hilo watakuwa tayari kwa kifaru.

SWALI

Nilipiga picha mpakani nikaambiwa nizifute, nikazifuta. Rafiki yangu anasema kuna programu ya kuzirudisha ili nizioneshe. Ni ipi?
Wa Mkomani

JIBU

Sikutajii. Mpakani, kambini na palipo na askari kamera hukaa mfukoni, kule na huku. Tuonyeshe mandazi mliyokula mkingoja foleni.