Kabla ya Pilau, Pita Kwanza Makaburini

Mama tulimzika mwezi wa pili, na mwaka ule Pasaka iliangukia mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kaburi lilikuwa bado bichi. Kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, masika hayana huruma: udongo ulikuwa umetitia upande wa kichwani, maji yametuama chini ya msalaba wa mbao. Jumamosi Kuu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, nilimkuta baba amesimama pale na jembe, hasemi kitu. Nikachukua beleshi. Tukajaza udongo mpaka dimbwi likaisha, tukarudi nyumbani bila kuongea.

Mimi nimekulia kanisani. Pasaka nilikuwa naijua tangu utoto: Kwaresima siku 40, Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu nguo nyeusi, Jumapili nguo mpya na kuku. Wokovu pia niliweza kuueleza: Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zangu. Lakini ungeniuliza Jumapili inaongeza nini juu ya Ijumaa, ningekujibu kwamba ni siku ya ushindi, ni siku ya furaha, halafu ningeishiwa maneno. Msiba ndio ulionionyesha hilo pengo. Watu walikuja wakaniambia mama amepumzika, Mungu amempenda zaidi, nami nikaitikia amina. Usiku nilikuwa nalala macho. Yesu alikufa, mama naye amekufa. Kwa hiyo?

Jibu nililipata kesho yake alfajiri, nimesimama kwenye tope.

Sisi Wamoraviani ibada ya Pasaka huwa tunaianzia makaburini kabla jua halijachomoza. Desturi hii ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana wa kanisa walipopanda gizani kwenye kilima cha makaburi kumwimbia Kristo mfufuka. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na kwetu desturi ikaota mizizi kama migomba. Nilikuwa nimeshaihudhuria mara nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na mtu wangu pale chini.

Ilikuwa saa kumi na moja, ukungu umeshika mpaka huoni mtu wa mbele yako, unaona tu mwavuli wake. Matarumbeta yalikuwa yanapigwa taratibu. Mchungaji akasoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, na jina la mama likawa la tatu. Kisha akapaza sauti: "Bwana amefufuka!" Watu wakaitikia: "Amefufuka kweli kweli!" Mimi sikuweza. Shangazi, aliyekuwa amenishika mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, itikia kwa sauti. Mama yako alikuwa anaitikia kwa sauti."

"Siwezi, shangazi."

"Basi nitaitikia mimi kwa ajili yako, mpaka utakapoweza."

Mchungaji aliporudia, shangazi akaitikia kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo. Wala hakuwa anatazama mbinguni. Alikuwa anatazama kaburi la wifi yake, kama mtu anayempasha mwenzake habari.

Baada ya hapo somo likawa 1 Wakorintho 15. Paulo haumaumi maneno: "Na kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure, mngalimo katika dhambi zenu." Nimeusikia mstari huo mara ngapi? Lakini sikuwahi kuusikia nikiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Maana yake ni kwamba Ijumaa peke yake haitoshi. Mshahara wa dhambi ni mauti, na kama Yesu angebaki kaburini, mauti ingekuwa bado inadai, nasi tusingekuwa na namna ya kujua kwamba deni limekwisha. Ndiyo sababu Warumi 4:25 inasema alitolewa kwa ajili ya makosa yetu, na akafufuliwa ili tuhesabiwe haki. Ni kazi moja. Msalaba tunauhubiri sana, na ni sawa kabisa, lakini tukiishia hapo tumehubiri nusu.

Halafu likaja lile neno lililonimaliza: "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala."

Limbuko. Mama alikuwa na shamba la mahindi chini ya nyumba. Mahindi ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuyachoma. Aliyavunja mwenyewe, mawili matatu, akayafunga kwenye kitenge, na Jumapili akayapeleka madhabahuni, sisi watoto tukimeza mate. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kuyatazama yale mahindi matatu akadhani ndiyo mavuno yote. Ukiona limbuko unajua shambani yamebaki mengine, ya mbegu ileile, yanangoja siku yake. Waisraeli nao walikuwa wakileta mganda wa kwanza wa mavuno siku iliyofuata sabato, kama Walawi 23 inavyoagiza, na Yesu alifufuka siku iliyofuata sabato. Nilipoyaunganisha hayo mawili magoti yalilegea. Mama hakupotea. Mama yuko shambani.

Ndiyo maana nakushauri, ndugu yangu, hasa kama mwaka huu una msiba ambao haujapoa: usiikimbie Jumamosi Kuu. Wengi wetu tunaipoteza sokoni na jikoni. Wale wanawake walioenda kwenye kaburi la Yesu alfajiri hawakwenda kumpokea aliyefufuka; walikwenda na manukato kuuhudumia mwili wa maiti, na njiani walikuwa wanaulizana ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Hawakuwa na jibu, wakaenda hivyo hivyo. Wewe pia nenda. Fyeka nyasi, jaza udongo uliotitia, mwambie Mungu unachokifikiria kweli, hata kama hakifai kusemwa mbele za watu. Kama makaburi yenu yako mkoani na nauli haipo, andika majina yao kwenye karatasi, uyaweke mezani, uyasome kwa sauti kabla ya kwenda kanisani Jumapili.

Jioni ya Jumamosi hiyo soma 1 Wakorintho 15 yote, mistari 58, usiruke. Isomeni nyumba nzima kwa kupokezana, watoto nao wapewe zamu. Hata wakikwama kwenye maneno magumu, waacheni wasome.

Na kama huwezi kuitikia, usijilazimishe wala usijione umekufuru. Simama karibu na anayeweza. Tomaso alikaa siku nane na mashaka yake, lakini alikuwa ndani pamoja na wenzake, na Yesu akamkuta humo. Mimi ilinichukua mpaka Jumapili ya tatu. Tena haikuwa wakati wa mahubiri, nilikuwa naosha vyombo.

Jambo jingine: Pasaka haiishi Jumatatu ya Pasaka. Kwenye kalenda ya kanisa inakwenda siku 50 mpaka Pentekoste. Zitumie siku hizo kuwaendea waliofiwa ambao matanga yao yameshaondolewa na simu zao zimenyamaza. Wakati wa msiba nyumba hujaa; mwezi wa pili na wa tatu baada ya mazishi ndipo mtu anapobaki na viti vitupu. Huna haja ya kuhubiri. Beba sukari, kaa, muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, umsikilize.

Ukifika hapo, pilau uile kwa furaha yote. Mama angekuwa wa kwanza kukupakulia.

Mwaka jana nilikwenda Rungwe na mwanangu, ana miaka 6. Alikataa kubaki amelala, nikamfunika koti langu tukashuka gizani pamoja na babu yake. Akaniuliza kama bibi anatusikia. Nikamwambia bibi amelala, na Yesu atakapokuja atamwamsha, kama yeye mwenyewe alivyoamka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Atatukuta hapa hapa?" Kabla sijajibu alishawasha tochi. Akaimulika msalabani, akaanza kusoma jina la bibi yake, herufi moja moja, na matarumbeta yakaanza.