Baba yake babu kanyongwa 1906, mtoto wake kazaliwa 1911?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi tuko Songea, tunaandaa kitabu cha ukoo tukichape kabla ya mkutano wa ukoo Desemba. Baba mdogo katupa kaunta buku lake, humo kaandika baba yake babu alinyongwa na Wajerumani Februari 1906, alafu ukurasa wa pili yake mtoto wa mwisho wa huyohuyo kazaliwa 1911! Na babu mwenyewe cheti kinasema 1910 ila kaunta buku linasema "mwaka wa Majimaji". Vijana wanataka tufute hiyo ya kunyongwa, baba mdogo kakasirika hataki hata kutuona. Tushike lipi?
Mjukuu, Songea

JIBU: Marahaba mjukuu. Kwanza msifute kitu, na mkamwombe radhi baba mdogo, maana bila hilo kaunta buku msingekuwa na hata cha kubishania.

Huyo mtoto wa 1911 inawezekana kabisa ni halali wa ukoo na baba mdogo hajakosea. Zamani mume akifa mjane alirithiwa na mdogo wa marehemu, na watoto waliozaliwa hapo walihesabiwa wa marehemu. Sasa ukimuuliza mzee "huyu mtoto wa nani" atakutajia marehemu na hajadanganya. Mimi yalinikuta kwa shangazi yangu, nikaandika ndugu zake tisa, nikafurahi, kesho yake nikamuuliza tu aliyenyonya naye ziwa moja ni nani, akakunja vidole vitatu basi! Sita waliobaki walikuwa watoto wa baba wakubwa na wadogo, kwake wote ni ndugu na wala haoni tofauti. Kwahiyo ulizeni tumbo la nani, na mama aliolewa na nani baada ya hapo.

Kuhusu kunyongwa, tarehe 27 Februari 1906 ndiyo siku Wajerumani walinyonga wazee wengi wa Kingoni hapo Songea, kwahiyo habari yenyewe ina mashiko, ila haina maana kila aliyekufa kipindi kile alinyongwa siku ile, wengine waliuawa vitani na wengi sana walikufa na njaa iliyofuata. Makumbusho ya Majimaji mnayo hapohapo mjini, nendeni mkaulize, na mwende na majina yake yote, la utotoni na la sifa, maana kwenye karatasi anaweza kuwa yuko kwa jina ambalo nyie hamlitumii kabisa.

Haya, umri wa babu. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, kwenu vikafika miezi michache baadae, vikaisha 1907, na njaa ikaendelea, kwahiyo mzee akisema "mwaka wa Majimaji" anaweza kuwa anasema miaka mitatu yote hiyo. Na hicho cheti, angalieni chini tarehe ya kuandikishwa. Kama ni miaka ya 70 au 80 ujue mtu alikula kiapo na mwaka ukakadiriwa, hapo 1910 haina uzito kuliko lile neno la kaunta buku.

Kama babu alibatizwa Mkatoliki tafuteni LB namba yake, yaani namba yake kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia, iko kwenye cheti cha ubatizo au hata cha ndoa, mpelekeeni katibu wa parokia awafungulie kitabu chenyewe. Msiangalie mwaka wa ubatizo tu, wengi walibatizwa wakubwa. Angalieni pembeni mwa mstari wa jina lake, ndoa huwa inaandikwa pale, na mkishajua alioa lini mnaweza kupiga hesabu kurudi nyuma. Na muwe makini na majina, mjukuu akirithi jina la babu mnaweza kukuta watu wawili mmewafanya mmoja, hicho mimi nimekiona zaidi ya mara moja na kinaumiza maana mtu mzima anapotea kwenye ukoo wake.

Kitabuni, kwenye kuzaliwa kwa babu andikeni "kati ya 1905 na 1908, kwa maelezo ya fulani", na pale kwenye mtoto wa 1911 acheni nafasi. Kama kuna bibi yeyote aliyeolewa kwenye huo ukoo bado yupo nendeni kwake wiki hii, msisubiri Desemba, na mchukue mtu anayekijua Kingoni vizuri, akae naye jikoni amuulize taratibu huyo mama wa mtoto wa 1911 alirithiwa na nani.